Mzee Hapana

Vijana wa jarida hili walikuja kwangu sokoni wakasema, "Mzee, tuandikie kitu kuhusu tumaini." Nikawaambia hapana. Wakacheka, maana ndilo jina walilonipa watoto wa hapa Dzaleka: Mzee Hapana. Ukiniletea suruali niibane mpaka mtu ashindwe kukaa, hapana. Ukitaka nizime redio yangu ili tusikilize simu yako, hapana. Ukija na kamera kwa ajili ya ripoti ya mradi, hapana. Basi wakasema, "Andika kuhusu hizo hapana zako." Hapo nikakubali, kwa sababu ninazo nyingi na nyumbani hakuna anayezisikiliza tena.

Nijitambulishe kwa watu wa mashirika, kwa sababu wale wa sokoni wananijua. Nimezaliwa Uvira mwaka 1957. Nimekaa kwenye cherehani tangu 1973, nikiwa kijana wa miaka kumi na sita. Oktoba 1996 vita vilipoingia Uvira nilivuka ziwa mpaka Kigoma, nikakaa Nyarugusu miaka mingi, halafu mwaka 2008 nikafika hapa Malawi. Ninaishi na mjukuu wangu mmoja, binti. Mama yake alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha na bado anayatafuta.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni kilio. Mwaka jana tulimzika mama mmoja wa Fizi. Wakati sanduku linashushwa, kijana mmoja alisimama pembeni ya kaburi ameinua simu, akamwambia mjane asogee kidogo kwa sababu jua liko nyuma yake na sura haionekani. Na yule mzee akasogea! Hilo ndilo lililonikata maini. Mtu anamzika mkewe, anaambiwa asogee, anasogea. Zamani kwetu kwenye kilio kijana alikuwa anachanja kuni na kuchota maji, na kama hana kazi anakaa kimya mpaka atumwe.

La pili ni kazi. Nikimuuliza kijana anafanya kazi gani, ananiambia "kontenti". Mwingine ananiambia anabeti. Mwingine amehudhuria semina kumi na moja na ana vyeti kumi na moja, vyote kwenye mfuko wa plastiki, lakini kifungo cha shati lake kimekatika na hajui kukishona. Mimi nilipojifunza, fundi wangu, mzee mmoja Mwislamu ambaye watu wake walitoka Ujiji, alinifagilisha kibanda miezi mitatu kabla sijagusa mkasi. Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa kushona. Alinipa kipande cha kitambaa cha mteja, akasema: "Hiki ni amana. Kikipotea, wewe ndiye uliyekipoteza, hata kama mwizi ni mwingine." Kumbukeni neno hilo, nitalirudia.

La tatu ni habari. Mimi na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ni rika, tumezaliwa mwaka mmoja. Nyumbani kwetu Uvira redio ilikuwa moja, ya baba, na betri zake zilianikwa juani ili zipate nguvu ya siku mbili zaidi. Saa ya habari ikifika watoto kimya, hata kuku wanafukuzwa uani. Majirani wanakuja na viti vyao. Tukimaliza kusikiliza, wakubwa wanagombana kuhusu habari hiyo mpaka usingizi uwapate. Walichogombania ni maana yake, kwa sababu wote walikuwa wamesikia jambo lile lile. Leo nyumba moja ina simu nne na kila simu ina habari yake. Hatujui tena kugombana kuhusu maana ya jambo, tunagombana kama limetokea au halikutokea.

Hapo nitasikia kijana anasema: "Mzee, mbona redio zenu pia zilidanganya?" Ni kweli. Sauti ya Zaire ilitudanganya kila siku ya Mungu. Kwenye televisheni ya Kinshasa, kabla ya habari, sura ya Mobutu ilikuwa inashuka kutoka mawinguni kama ya malaika. Lakini uongo huo tuliujua. Ulikuwa na saa yake na sauti yake, na ukisema "redio imesema" kila mtu alijua aondoe kiasi gani. Uongo wa simu unaletwa na shemeji yako kwa sauti yake mwenyewe. Utamwondolea shemeji kiasi gani?

La nne ni mavazi, na hapa nasema kama fundi. Nilijifunza kazi wakati Mobutu amepiga marufuku suti na tai. Koti nililofundishwa kwanza lilikuwa abacost, lenye kola isiyotaka tai, na wanawake walitakiwa kuvaa kitenge. Hata majina tulinyang'anywa. Mwaka 1972 mwalimu aliingia darasani na orodha mpya, na mimi niliyebatizwa jina la mtakatifu nikatoka na jina la babu. Sikuona ubaya. Mpaka leo naona mwanamume ndani ya abacost iliyokatwa vizuri anafanana na mtu. Vijana wa Kinshasa hawakuona hivyo. Wakamfuata Papa Wemba na sapeur wenzake, mtu analala njaa ili anunue viatu vya Ulaya. Niliwadharau sana. Sijamaliza kuwadharau, ila sasa nakubali kwamba walijua kushika nguo.

Nilipofika Malawi nikakuta Kamuzu Banda alikuwa ametangulia kufikiri kama mimi. Mwaka 1973, mwaka ule ule nilioshika mkasi, alitunga sheria ya mavazi: mwanamke asivae suruali, sketi isipande juu ya goti. Mwanamume mwenye nywele ndefu alinyolewa. Televisheni hakutaka kuiona nchini, ikaja mwaka 1999 yeye akiwa amekwisha kufa. Wazee wa Kimalawi wanaopita kibandani kwangu wakinisimulia hayo, moyoni nilikuwa nasema: huyo mzee alikuwa na akili.

Lakini tuseme yote. Hapa tunapokaa, kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, palikuwa gereza la huyo huyo Kamuzu. Wenyeji wanasema hata jina Dzaleka ni ahadi ya mfungwa: sitarudia tena. Waliofungwa hapa si wezi peke yao, walikuwamo pia watu waliosema neno ambalo serikali haikulipenda. Wenzangu wanajua baadhi ya majengo ya zamani bado yamesimama. Kwa hiyo mimi, Mzee Hapana, ninayetaka binti avae sketi na kijana anyoe, ninalala ndani ya uwanja wa mtu aliyepata nguvu ya kutimiza matakwa yangu. Nimelifikiria hilo usiku mara nyingi. Sijabadilisha mawazo kuhusu suruali. Nimebadilisha kuhusu nani apewe mkasi.

Sasa nifike mahali penyewe.

Kuna kijana jirani yangu, mstaarabu, anakaa mbele ya mlango wao na simu kuanzia asubuhi. Mwanzoni mwa mwaka 2023, siku moja ya Jumapili nimekuja kambini kumwona mjukuu, nilimpita nikamtolea maneno. Nikamwambia umri wake mimi nilikuwa nalisha watu sita. Nikamwambia kazi ni heshima ya mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akasema: "Mzee, samahani, nikuulize kitu kimoja. Wewe una kazi kwa sababu ulivunja sheria ukaenda Lilongwe. Mimi nimeitii sheria, niko hapa. Sasa unanitukania nini?"

Sikuwa na jibu. Nikasema vijana wa leo hawana adabu, nikaondoka.

Wasiojua waelewe. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini ikaweka masharti yake juu ya vifungu kadhaa, pamoja na kile cha kazi na kile cha kutembea nchini kwa uhuru. Mkimbizi mahali pake ni kambini. Kambi yenyewe ilipangwa kwa watu elfu kumi au zaidi kidogo, leo tunapita 50,000. Utamshonea nani, ikiwa jirani yako naye ni fundi na mteja wa wote wawili anasubiri pesa za chakula mwisho wa mwezi? Kwa hiyo mwaka 2011 nilibeba cherehani yangu, Butterfly ya kukanyaga, nikapanda gari mpaka Lilongwe. Nilipata baraza mbele ya duka la mtu kule Area 25. Nilikuwa naamka saa kumi na moja. Sikuwahi kumchelewesha mteja sikukuu. Watu waliniita "a telala", na nilijiona mtu aliyenyooka. Kibali sikuwa nacho. Nilikuwa nawahubiria vijana sheria na mila, na kila siku ya kazi yangu kwa miaka kumi na miwili ilikuwa nje ya sheria. Nilikuwa nimejisahaulisha, kama mtu anavyosahau jiwe dogo ndani ya kiatu akishazoea kukanyaga upande.

Tarehe 27 Machi 2023 serikali ilitangaza: wakimbizi wote wanaokaa mijini na vijijini warudi Dzaleka, mwisho tarehe 15 Aprili. Tarehe 15 ikapita. Simu yangu, hii ndogo ya vitufe, ilikuwa haipumziki. Na mjukuu wangu akija alikuwa ananisomea za kwenye simu yake: kwamba Kanada imetuma ndege, kwamba kambi inahamishwa, kwamba mwenye kanisa hataguswa, kwamba mwenye mke Mmalawi hataguswa, kwamba yote ni siasa yamekwisha. Habari kumi, tisa za uongo. Nikamwambia: "Unaona? Ndiyo maana nasema. Ngoja redio iseme."

Jioni ya tarehe 16 Mei akanipigia kutoka kambini. "Babu, kesho wanapita. Funga vitu, beba mashine, uje usiku huu."

"Nani amekuambia?"

"Iko kwenye grupu. Watu wengi wanasema."

"Grupu! Redio haijasema."

"Babu, nakuomba."

Nikamwambia nina nguo za watu za kumaliza, nikakata simu. Nilikuwa na kazi ya kwaya ya akina mama wa kanisa moja pale pale Area 25. Akina mama kumi na wanne, kitenge cha buluu, kila mmoja alijinunulia chake kwa pesa yake. Tisa nilikuwa nimeshakata, vitano bado vimekunjwa.

Asubuhi ya tarehe 17 Mei wakapita. Nilipandishwa gari na wengine, na watoto, na mama mmoja aliyeshika sufuria ya bugali ambayo haijaiva. Nililala mahali ambapo sitapataja, kisha nikaletwa kambini. Cherehani ilibaki barazani pamoja na vitambaa. Niliomba nafasi ya kuviingiza ndani, sikuipata. Siku ya tatu mtu wa duka alinitumia neno kwamba baraza ni tupu. Nani alichukua sijui, na simtaji mtu.

Wiki nzima nilikuwa nailaani simu. Nilisema kama isingekuwa imejaa uongo, ningeiamini siku ile ya ukweli. Niliwaambia watu hivyo na wakakubali, kwa sababu ni neno linalokubalika. Mpaka usiku mmoja nimelala nikakumbuka: redio ilikuwa imesema! Ilisema mwezi wa tatu. Nilisikia mwenyewe, kwa redio yangu mwenyewe, kwa Chichewa na kwa Kiingereza: tarehe, mwisho, kila kitu. Niliizima nikaendelea kushona. Kwa hiyo sikuwa naingoja redio. Nilikuwa nangoja redio itakayosema ninachotaka, na huyo ni mtu gani? Ni yule yule kijana wa simu ninayemtukana, ila yeye ana bando na mimi nina betri.

Basi nikabaki na amana. Akina mama kumi na wanne. Fundi wangu wa Uvira alikufa zamani lakini nilimsikia kila asubuhi: kikipotea, wewe ndiye uliyekipoteza. Watu waliniambia, "Mzee, hilo si kosa lako, kila mtu anajua kilichotokea." Ni kweli kila mtu anajua. Lakini mama anayeuza nyanya, aliyeweka pesa kidogo kidogo ili avae sare Pasaka ijayo, yeye anajua kwamba alimpa telala kitambaa na telala hayupo. Nilikuwa na jioni nzima ya kumrudishia, nikasema redio haijasema.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini nitawalipaje watu nisioweza kuwafuata? Mjini sirudi. Daftari langu lenye majina lilipotea na cherehani. Namba niliyokuwa nayo ni moja, ya mama mkubwa wa kwaya, na haikupatikana tena.

Mjukuu wangu alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Anajitolea kwenye redio ya jamii hapa kambini, anajua mambo hayo. Jioni moja akasema: "Babu, tufanye video."

Nikasema hapana.

"Dakika moja tu. Unasema jina lako la sokoni, unasema kwaya, unasema kitambaa cha buluu. Naweka TikTok. Watu wa Area 25 wataipeleka."

Nikasema hapana mara tatu, kama Petro. Halafu nikamfikiria yule mzee wa kaburini aliyeambiwa asogee jua liko nyuma. Nikamfikiria mama wa nyanya. Hapo nikagundua kwamba hapana yangu ilikuwa inalipwa na mtu mwingine. Nikavaa kofia, nikakaa. Mjukuu akaangalia simu, akasema, "Babu, sogea kidogo, jua liko nyuma yako."

Nikasogea.

Nilisema kwa Chichewa changu cha sokoni: mimi telala, nguo zenu zimepotea mkononi mwangu, sijakimbia, niko Dzaleka, nataka kulipa, nitafuteni. Makomenti mjukuu alinisomea mpaka nikamkataza. Mmoja alicheka kofia. Mmoja alisema ni igizo la kutafuta misaada. Mmoja, Mmalawi, aliandika kwamba hata sisi tulivyoletwa nchini ni kosa. Mmoja wa Marekani, mtu wetu, alitaka kunitumia pesa ya cherehani, nikakataa. Mjukuu alinuna siku mbili. Nilimwambia pesa ile ilikuwa ya kumsaidia mzee wa kwenye video, na mimi kwenye video nilitafuta ninaowadai... hapana, nisahihishe, wanaonidai. Nikichukua, yule aliyeandika igizo atakuwa amesema kweli.

Mnajua Tumaini, sherehe yetu ya muziki iliyoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Menes La Plume, mkimbizi mwenzetu. Kila mwaka watu wa Lilongwe wanapanda magari wanakuja kambini kucheza ngoma zetu na kula chakula chetu. Mimi siipendi. Makelele siku tatu, spika zinatikisa bati mpaka vumbi linaanguka kwenye sombe, na wageni wanapiga picha nguo zetu zikiwa kwenye kamba. Kila mwaka siku hizo nafunga kibanda. Mwaka ule nilikuwa nimefunga pia, nimekaa ndani, wakati mjukuu alipoingia na mama mmoja mnene aliyevaa viatu vyeupe vilivyojaa vumbi.

"A telala," akasema. "Tumekuona kwenye simu."

Alikuwa mama mkubwa wa kwaya. Alikuja na watatu wenzake, kwa gari la watu wa sherehe. Nilifikiri nitatukanwa na nilikuwa tayari. Mjukuu aliwapa maji. Nilitoa pesa nilizokuwa nimeweka, kwa sababu tangu mwezi wa sita nilikuwa nashonea cherehani ya kukodi, nusu kwa mwenye mashine. Zilitosha vitambaa vitano. Mama akazihesabu mbele yangu, mara mbili, taratibu, kama mtu wa kweli. Nilifurahi alipohesabu. Wangesema "basi, Mungu anajua, tumesamehe", ningebaki nalo deni mpaka kaburini. Akasema, "Vimebaki tisa." Nikasema, "Vimebaki tisa." Kisha akatoa kwenye mfuko kitambaa kingine, cha rangi ya zambarau, cha wanne hao, akaniuliza nitamaliza lini.

Nilimaliza kabla ya Krismasi. Mjukuu ndiye aliyepanga safari ya nguo, kwa simu, na dereva. Mpaka leo nimelipa kumi na wawili.

Baada ya hapo alikuja mtu wa ONG, kijana mwema, na fomu na kamera. Video ilikuwa imemfikia. Alitaka kuandika habari yangu kwa wafadhili, "hadithi ya mafanikio" ndiyo alivyoiita. Nikamuuliza mafanikio yako wapi. Mtu alipoteza mali za watu, analipa. Kwa baba yangu hilo halikuwa na jina, ilikuwa ni Jumatatu. Akasema ni mfano mzuri wa kujitegemea. Nikamwambia nikitegemee nini na siruhusiwi kufika kwa mteja wangu, na kama anataka kuandika, aandike hilo. Akafunga fomu. Hakukasirika, na kabla ya kuondoka aliniomba nimpunguzie mikono ya shati. Niliipunguza, alilipa. Hao ndio watu wa mashirika ninaoelewana nao.

Na yule kijana jirani? Nilimdai radhi. Ilinichukua miezi, na sikuifanya vizuri, nilimpitia nikiwa nimebeba maji ili niwe na sababu ya kutokaa. Nilimwambia, "Lile swali lako, ulikuwa na haki." Akasema, "Swali gani, mzee?" Alikuwa amelisahau, au alinistahi. Sasa anakuja asubuhi kibandani, anajifunza. Miezi mitatu alifagia. Simu anaiweka kwenye boksi la vifungo mpaka saa sita. Mshono wake bado unakwenda kama barabara ya Dowa mvua ikinyesha, lakini kitambaa cha mtu anakikunja vizuri. Nimeanza na hilo.

Msifikiri nimegeuka. Bado naona simu kwenye kaburi ni laana. Bado nasema mtoto anayelishwa habari za grupu hawezi kujifunza kunyamaza, na asiyejua kunyamaza hawezi kusikia. Bado nasema kubeti ni wizi ambao mtu anajiibia mwenyewe. Hapana zangu ninazo zote, moja tu ndiyo imenitoka.

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliniletea kitambaa cheusi kizuri, akanyamaza. Nikajua. Redioni wanamtuma kwenye mikutano, anapanda baiskeli za watu, sketi inamsumbua. Alikuwa anaogopa kusema neno, mtoto aliyeniomba kwa simu nije usiku ule na nikamkatia. Nikamwambia, "Simama nikupime." Nilimpima kiuno, nilimpima urefu. Nilikata suruali pana kidogo, ya heshima, yenye mikunjo miwili mbele kama zile za zamani. Akaivaa, akazunguka, akasema imekaa vizuri mno, babu, ila ungebana kidogo hapa chini.

Nikasema hapana.

Sasa nina tangazo, na ndiyo sababu hasa nilikubali kuandika. Katika ile kwaya ya Area 25 wamebaki wawili sijawapata. Mmoja alikuwa akiuza nyanya karibu na kituo cha mabasi madogo na alihama baada ya mvua kubwa. Mwingine ni binti mrefu aliyeimba sauti ya chini, aliolewa, wanasema Salima. Kitambaa chao kilikuwa cha buluu, maua meupe. Ninyi wa mashirika mna magari na mnafika huko, na ninyi vijana mna simu. Mkiwaona, waambieni telala yuko Dzaleka, sokoni, upande wa mafundi, aulizwe mzee mwenye redio. Pesa zao ziko kwenye kopo, nimezitenga.